Picha Imevuma, Fulana Ichapwe kwa Ruhusa ya Nani?

Agosti 8, 2017, Wakenya wakiwa foleni kupiga kura, mwanamume mmoja wa Kayole, Nairobi, alipigwa picha akila githeri kutoka kwenye mfuko wa plastiki, hana habari na mtu. Muda si muda akawa "Githeri Man". Watu walimkata kwenye picha ile wakambandika kila walipotaka, makampuni yakamkimbilia na zawadi, na baadaye akatunukiwa nishani ya Rais.

Tuseme wewe ni kijana wa kuchapa fulana. Mashine unayo, mzigo wa fulana nyeupe umeuchukua jana. Ungeomba ruhusa kwa nani? Jibu la mtaani ni kwamba hapana haja, picha imeshazagaa. Lakini kuzagaa hakubadilishi mwenye mali. Hakimiliki ya picha huanza kuwa ya aliyeipiga, si ya aliyeisambaza, na kwa sheria ya Kenya ya 2001, kama ilivyo kwa ile ya Tanzania Bara ya 1999, hahitaji kuisajili popote ndipo awe nayo. Kuandika "kwa hisani ya mtandao" hakukuokoi. Mtandao haujawahi kupiga picha.

Ukishakubaliana na mpiga picha, bado yupo mwenye sura, na huyu ndiye wafanyabiashara wetu humsahau zaidi. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza klabu ya Casa Vera ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Shule ya Roma, iliyotumia picha za watoto bila ruhusa ya wazazi, ilitozwa 4,550,000. Na hao walikuwa wanajitangaza tu. Hawakuiuza sura ya mtu kifuani kwa bei ya fulana. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo asijidanganye mtu kwamba haya ni ya ng'ambo ya Namanga.

Ruhusa yenyewe nayo ina mipaka. Marekani kulikuwa na paka aliyenuna, Grumpy Cat, ambaye picha zake zilivuma mwaka 2012. Mwenye paka hakukaa kusubiri zawadi: aliunda kampuni, akalinda picha na jina, kisha akaanza kuuza leseni. Kampuni ya vinywaji ya Grenade ilinunua haki ya kutengeneza kahawa baridi iliyoitwa Grumppuccino. Utamu ukawakolea, wakauza na kahawa ya unga, na fulana pia. Januari 2018 baraza la mahakama huko California likaamuru wamlipe mwenye paka dola 710,001. Ile dola moja ya mwisho ilikuwa fidia ya kuvunja mkataba. Mzigo wote uliobaki ulikuwa wa hakimiliki na alama ya biashara. Walikuwa na mkataba mkononi, wakaanguka kwa kuusoma nusu.

Kwa maneno mambo ni mepesi kidogo. Kijineno cha kuchekesha, chenye maneno mawili matatu, kwa kawaida hakina hakimiliki. Wauza kanga wa Pwani wamelielewa hilo kitambo: methali ya kwenye kanga ni ya kila mtu, ila maandishi "Mali ya Abdulla" ya nyumba ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa ni alama ya mwenyewe. Kinachoweza kukutega ni mtu kulisajili neno kuwa alama ya biashara. Disney waliomba kusajili "Hakuna Matata" kwa ajili ya fulana huko Marekani mwaka 1994, wakakubaliwa 2003. Mwaka 2018 malalamiko yalienea Afrika Mashariki yote, na kwa maoni yangu yalikuwa ya haki. Hata hivyo alama hulinda pale iliposajiliwa: muuza fulana wa Forodhani hazuiwi na daftari la Washington, lakini akianza kuwauzia Wamarekani mtandaoni, hilo ni jambo lingine.

Basi kabla ya kuwasha mashine, mtafute aliyepiga na aliyepigwa. Pitia daftari la alama BRELA kwa Tanzania Bara, BPRA kwa Zanzibar, au KIPI kwa Kenya. Makubaliano yawe ya maandishi: bidhaa gani, nchi zipi, kwa muda gani, na mrabaha kiasi gani kwa kila fulana. Nchini Kenya, leseni ya kipekee isiyo na maandishi na saini haina nguvu kabisa. Na wewe ambaye klipu yako imevuma wiki hii, usiridhike na simu ya bure na picha ya pamoja na meneja. Nenda ukasajili jina lako kabla mwingine hajakutangulia dirishani.