Unataka kurekodi chaneli 16 au zaidi kwa Linux? Soma kwanza kabla hujatoa hela

Kurekodi mtu mmoja na gita lake kwenye Linux siku hizi si kazi. Unachomeka intafesi ya sauti ya chaneli mbili, kompyuta inaitambua, unaendelea na mambo yako.

Shida inaanza pale kikundi cha taarab chenye fidla nne, udi, ganuni, akodiani, dumbaki na waimbaji watatu kinapokwambia kinataka kila ala irekodiwe peke yake. Au kwaya ya watu 40 na bendi yake nyuma. Hapo unahitaji chaneli 16, pengine 24 au 32. Na hapo ndipo watu wanapoteza hela.

Mimi ni mmoja wao. Niliwahi kununua intafesi ya mtumba yenye matundu manane ya maiki, safi kabisa kwa kuiangalia. Nyumbani Linux ikaitambua, nikajaribu maiki mbili za kawaida, nikaridhika. Siku ya harusi nafunga maiki za kondensa, kimya. Kumbe umeme wa volti 48 unaohitajiwa na maiki zile ulikuwa unawashwa ndani ya programu ya Windows tu, hakuna kitufe chochote kwenye boksi lenyewe. Nikaazima laptopu ya kijana wa video, nikawasha, nikarudisha waya kwangu huku naomba Mungu kifaa kisisahau.

Kwa hiyo swali la "inafanya kazi na Linux?" halitoshi. Kuna maswali mawili: je, sauti inaingia? Na je, naweza kukiendesha kifaa bila Windows?

Sauti inaingia?

Ndani ya kerneli ya Linux kuna draiva ya sauti za USB inayofuata utaratibu uitwao USB Audio Class 2. Kifaa chochote kinachofuata utaratibu huo kinaingia bila kusakinisha kitu. Muuzaji anaweza asijue hayo, lakini mwulize hivi: kinafanya kazi na iPad bila draiva? Akisema ndiyo, na maelezo ya mtengenezaji yakathibitisha, uwezekano ni mkubwa kwamba Linux nayo itakikubali.

Usibabaishwe na USB 3. Chaneli 32 za biti 24, kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, zinabeba kama megabiti 37 kwa sekunde. USB 2.0 ina megabiti 480. Njia ni pana vya kutosha.

Namba ya kwenye boksi si idadi ya maiki

Hapa wengi wanaliwa. Chukua Behringer UMC1820, ambayo ni ya bei nafuu na Linux inaipokea vizuri. Namba 18 inamaanisha chaneli za kuingiza, lakini tundu za maiki ni 8 tu. Chaneli 8 nyingine zinaingia kwa kebo ya mwanga ya ADAT, na 2 kwa S/PDIF.

Ukitaka maiki 16 lazima ununue boksi la pili lenye priampu nane na tundu la ADAT, kama Behringer ADA8200. Hiyo ni bei ya pili ambayo hukuipangia. Halafu kumbuka, kebo moja ya ADAT inabeba chaneli 8 ukirekodi kwa 48,000. Ukipanda hadi 96,000 zinabaki 4. Kwa shoo ya jukwaani mimi sioni sababu ya kwenda 96,000.

Na vifaa viwili vikiungana, kimoja kiwe bosi wa saa na kingine kimfuate. Kila kimoja kikihesabu sampuli kwa saa yake, utasikia "tik, tik" ndani ya rekodi, na kuzisafisha baadaye ni mateso.

Pengine tayari unayo

Kabla hujanunua chochote, nenda ukaangalie miksa ya ukumbini au kanisani. Kama ni ya kidijitali, inaweza kuwa intafesi bora kuliko utakayonunua.

Behringer XR18, kwa mfano, ina priampu 16 na inapeleka chaneli 18 kwa USB moja kwa moja kwenye kompyuta. Unaiendesha kwa tableti au simu ya Android, na programu yake ya kompyuta ina toleo la Linux pia. Maswali yote mawili yamejibiwa. Kaka yake mkubwa, X32, ina tundu 32 za maiki na kupitia kadi ya X-USB inatoa chaneli 32 kwenda na 32 kurudi. Zote mbili zinaishia sampuli 48,000, na hiyo inatosha.

Ila elewana na fundi mitambo mapema. Mara nyingi chaneli zinazokwenda kwenye USB zinachukuliwa mara tu baada ya priampu. Maana yake akishusha kidude cha sauti cha mwimbaji, rekodi yako haiguswi. Lakini akipandisha geini katikati ya wimbo, na yako inapanda. Mwombe geini zipangwe wakati wa mazoezi, kisha zisiguswe. Mletee soda, atakuelewa.

Kama kuna mtu ananiuliza leo aanzie wapi kwa chaneli 16, jibu langu ni miksa ya aina hii. Priampu zinaweza zisiwe za kifahari kama za intafesi ya studio, lakini unapata kifaa kimoja, waya mmoja, saa moja.

Kwa wanaotaka intafesi ya studio

Focusrite Scarlett 18i20 ilikuwa na tatizo lilelile lililonikuta mimi: sauti inaingia, lakini mipangilio ya ndani ilihitaji Windows au Mac. Hilo limebadilika kwa kazi ya Geoffrey Bennett, aliyeandika draiva ya mipangilio hiyo ndani ya kerneli pamoja na programu ya alsa-scarlett-gui ya kuiendesha kwa macho. Kwa kizazi cha 2 na cha 3, hakikisha kerneli yako ni 6.7 au mpya zaidi, ndipo draiva inajiwasha yenyewe. Na usishtuke kizazi cha 3 kikija kama flashi ya USB kikiwa kipya. Hiyo ni hali ya kuanzia, inazimwa mara moja.

RME wako juu zaidi kwa bei. Kadi yao ya HDSPe MADI, ya kuchomeka ndani ya kompyuta ya mezani, inabeba chaneli 64 kwa sampuli 48,000, na draiva yake imo ndani ya kerneli miaka mingi. Kumbuka tu kadi hiyo haina tundu hata moja la maiki. Priampu unanunua kando, nazo si za mchezo.

Vipi FireWire? Mitumba yake ni rahisi, Linux bado inaihudumia, na mipango ni kuiendeleza hadi 2029. Lakini laptopu za sasa hazina tundu hilo. Kama huna kompyuta ya mezani yenye kadi yake, achana nayo. Dante nayo, programu yake rasmi ya kuingiza sauti kwenye kompyuta ipo kwa Windows na Mac.

Nafasi na mipangilio

Chaneli moja ya biti 24 kwa 48,000 inakula kama MB 518 kwa saa. Chaneli 16 ni GB 8.3, chaneli 32 ni GB 16.6. Shoo ya saa tatu kwa chaneli 32 inakaribia GB 50. Ukitumia Ardour, angalia: kwa kawaida inarekodi faili za biti 32, hivyo ongeza theluthi moja juu ya hesabu hiyo, au ibadilishe iwe 24 kabla ya kuanza.

Kama waimbaji wanajisikia kupitia miksa na si kupitia laptopu yako, weka bafa kubwa, 1024 kwa mfano. Ni kuchelewa kwa milisekunde 21 hivi, hakuna atakayejua, na kompyuta inapumua.

Jambo jingine linalowachanganya watu: mfumo wenye PipeWire unaweza kukuonyesha chaneli mbili tu, ukadhani kifaa ni kibovu. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, badilisha profaili iwe Pro Audio. Chaneli zote zitajitokeza.

Dukani

Usinunue kwa maneno. Weka Ubuntu Studio kwenye flashi, nenda na laptopu yako, omba kuchomeka kifaa. Andika `arecord -l` kuona kama kimetambuliwa na kina namba gani. Kama ni kadi namba 1, andika `cat /proc/asound/card1/stream0`. Sehemu ya Capture itakuonyesha idadi halisi ya chaneli na sampuli zinazokubalika.

Halafu nenda na maiki moja ya kondensa mfukoni. Ichomeke kila tundu, moja baada ya jingine, washa volti 48, gonga kidogo. Dakika kumi tu. Muuzaji akikataa, vuka barabara uulize duka la pili.