Anaposema watu wanamchukia, ni ugonjwa au ni kweli?

Wazee wa Ufipa hueleza kwamba jina la Sumbawanga, mji wa Mkoa wa Rukwa, ni agizo: tupa uchawi. Aliyekuja mjini na ulozi wake aubwage huko nje kabla hajaingia. Lakini ukitoka Rukwa, jina hilohilo hugeuzwa kuwa sifa ya uchawi. Kijana wa Kifipa aliyehamia Dar es Salaam kutafuta riziki huulizwa kwao ni wapi. Akijibu "Sumbawanga", aliyekaa naye kiti kimoja kwenye daladala hujisogeza kando, abiria wanacheka, naye hucheka nao. Safari ya pili husema kwao ni Mbeya.

Utani ni jambo zuri Tanzania, kwa sababu mtani hujibu. Mgeni aliye peke yake hana wa kumsaidia kujibu.

Sasa kijana huyo apatwe na saikosisi, hali inayomfanya mtu asikie sauti za watu wasiokuwepo au aamini kwamba majirani wanapanga kumdhuru. Akimwambia daktari, "Watu wananiogopa, wananisema," ni dalili hiyo au ni habari ya kweli?

Swali la ugonjwa huu na maisha ya ugenini lina historia ndefu. Mwaka 1932 daktari Ørnulv Ødegaard alionyesha kwamba Wanorwei waliohamia Minnesota, Marekani, walilazwa kwa skizofrenia, ugonjwa wenye saikosisi, karibu mara mbili ya wenzao waliobaki Norwei. Alidhani wenye mwelekeo wa ugonjwa ndio wanaohama. Baadaye ilionekana kwamba hata watoto waliozaliwa ugenini, ambao hawakuhama kutoka popote, wako hatarini. Nchini Uingereza, watu wenye asili ya Karibea huugua mara nyingi zaidi ya Waingereza weupe. Kwao Jamaica, Trinidad na Barbados ongezeko hilo halionekani. Basi sababu haiwezi kuwa damu tu.

Mjini The Hague, Uholanzi, Wim Veling na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba jamii zilizolalamikia ubaguzi zaidi ndizo zilizougua zaidi. Wamoroko walifikia takribani mara 4 ya Waholanzi. Hata hivyo, walipowauliza wagonjwa mmoja mmoja na kuwalinganisha na watu wasio na ugonjwa huo, wagonjwa hawakuonekana kulalamikia ubaguzi zaidi. Pengine anayebaguliwa kila siku huacha kuhesabu, au huficha, kama yule anayesema kwao ni Mbeya. Wahamiaji walioishi mitaa yenye wenzao wengi waliugua mara chache kuliko waliotawanyika peke yao.

Hapo ndipo yafaa kukumbuka Katumba na Mishamo, makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, yaliyokuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa kabla ya Mkoa wa Katavi kuundwa mwaka 2012. Walikuwa na wenzao, lugha yao na mashamba yao. Lakini kuwa na wenzako si yote: kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali, na mtoto aliyezaliwa hapo aliitwa mkimbizi kama babu yake. Baadaye zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo na makazi mengine kama hayo ya Ulyankulu walipewa uraia wa Tanzania.

Dawa nyingi za saikosisi hupunguza kazi ya dopamini, kemikali ya ubongo inayofanya jambo dogo lionekane zito, nazo husaidia kweli. Haziondoi dharau ya mtaani. Kwa hiyo mhudumu anayeambiwa "wananichukia" aanze na maswali ya kawaida: nani alikuambia hivyo, wapi, mbele ya nani, na jioni hiyo ulirudi kwa nani?