Saa Inayouliza "Mambo?": Jinsi ya Kupanga Kompyuta Iwakumbuke Watu kwa Wakati



Kati ya mwaka 2007 na 2008, wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za ARV waliandikishwa katika utafiti kwenye kliniki tatu za Kenya. Mbili zilikuwa hapa Nairobi: Pumwani, na Hospitali ya Coptic iliyoko Ngong Road. Ya tatu ilikuwa Kajiado. Wagonjwa 273 kati yao walipata huduma ya kawaida pamoja na kitu kimoja kidogo sana. Kila Jumatatu asubuhi walipokea meseji yenye neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu shida alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Aliyenyamaza pia alipigiwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la madaktari la The Lancet. Kwa waliotumiwa meseji, 62 katika kila 100 walisema wamemeza dawa bila kuruka. Kwa wasiotumiwa, walikuwa 50 katika kila 100. Damu ilipopimwa, virusi vilikuwa vimedhibitiwa kwa watu 57 katika kila 100 upande wa meseji, na 48 upande wa pili. Neno moja la Kiswahili, jamani!

Siku zile meseji zilitumwa na wahudumu wenyewe. Leo vikundi vyetu vya Kawangware, Kangemi na Riruta, vya wagonjwa na hata vya kuweka akiba, vinauliza: je, kompyuta haiwezi kutukumbushia? Katibu wetu husahau, au yuko matangani, au simu yake haina chaji. Jibu ni kwamba inaweza. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuipanga, na mahali ambapo watu hujikwaa.

KAZI HII INAENDAJE?

Kuna vitu viwili. Cha kwanza ni programu inayotuma meseji. Hiyo hukaa kwenye intaneti, mahali penye anwani yake, na huunganishwa na kampuni ya kupitisha SMS, kama vile Africa's Talking ya hapa Nairobi. Cha pili ni saa. Saa haitumi meseji. Kazi yake ni kwenda kwenye ile anwani kwa wakati uliopangwa na kupiga hodi. Hodi hiyo ndiyo wataalamu huita ombi la wavuti.

Programu ikisikia hodi hujibu kwa nambari. 200 maana yake ni "karibu". 404 ni "unayemtafuta hayuko hapa". 403 ni "huruhusiwi kuingia". 500 ni "mambo yameharibika huku ndani". Ukizijua nambari hizi nne, utaelewa sehemu kubwa ya kile kompyuta inachokulalamikia.

KWA NINI TUSITUMIE KOMPYUTA YA OFISINI?

Kwa sababu stima hupotea. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani, hata uwanja wa ndege wa JKIA. Kompyuta iliyozimika haipigi hodi kwa mtu. Ndiyo maana tunakodi saa katika wingu, yaani kompyuta za makampuni makubwa ambazo hukesha. Google wanayo inayoitwa Cloud Scheduler, na Amazon wanayo inayoitwa EventBridge Scheduler. Ile ya Google haitozi pesa kwa kazi tatu za mwanzo. Sisi, kama mtakavyoona, tunahitaji mbili. Pesa zenyewe zitaenda kwa SMS.

HATUA YA 1: KUANDIKA WAKATI

Saa hizi nyingi hutumia maandishi ya kroni, yaliyoanza katika kompyuta za Unix miaka ya 1970. Ni nafasi tano katika mstari mmoja: dakika, saa, tarehe, mwezi, siku ya wiki. Nyota maana yake ni "yoyote ile". Tukitaka kila Jumatatu saa mbili asubuhi, tunaandika hivi:

0 8 * * 1

Hapo sisi Waswahili tuna mitego miwili. Mtego wa kwanza ni saa yetu. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza, kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane. Ukiandika 2 kwa sababu umesema saa mbili, mgonjwa ataulizwa "Mambo?" saa nane usiku. Mtego wa pili ni siku. Kwa hesabu yetu Jumamosi ni ya kwanza, kwa hiyo Jumatatu ni ya tatu. Kroni inaita Jumapili 0, na Jumatatu ni 1. Ukiandika 3, meseji itatoka Jumatano, na kila mtu atadhani mtandao una matatizo.

HATUA YA 2: SAA YA WAPI?

Saa ya wingu itauliza: saa mbili ya wapi? Usipojibu, mara nyingi itachukua saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Basi ile 8 uliyoiandika vizuri itakuwa saa tano asubuhi Nairobi. Wakati huo mama wa kufua nguo ameshaingiza mikono majini, na kijana wa mjengo ameshaacha simu kwenye koti. Tulitaka tumpate kabla hajapanda matatu ya 46 kwenda mjini.

Chagua Africa/Nairobi. Usichague London ati kwa sababu ndiyo unayoifahamu. Waingereza husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, na meseji zako zitasogea pamoja nao. Sisi hatusogezi.

HATUA YA 3: ANWANI, NENO NA UFUNGUO

Andika anwani ya programu kikamilifu, ikianza na https. Kisha chagua neno la ombi. GET hutumika kuomba kuona kitu. POST hutumika kuagiza kitu kifanyike. Kutuma meseji ni kuagiza, kwa hiyo chagua POST.

Sasa ufunguo. Anwani iliyo kwenye intaneti ni mlango ulio barabarani, mtu yeyote anaweza kupiga hodi. Akiijua mtu mwenye nia mbaya, au kijana wa kucheza tu, ataamsha wagonjwa wote usiku na kumaliza pesa zenu za SMS. Kwa hiyo programu ikatae kila hodi isiyo na kitambulisho. Cloud Scheduler inaweza kubeba tokeni ya utambulisho kila inapokwenda. Mwambieni fundi wenu aiweke. Neno la siri lisibandikwe mwishoni mwa anwani, kwa maana anwani huandikwa kwenye kumbukumbu nyingi njiani. Na lisipitishwe kwenye grupu la WhatsApp!

Hapa pia tukumbuke heshima ya mtu. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Pateni ridhaa ya kila mmoja kabla ya kuandika nambari yake. Na meseji isitaje ugonjwa wala dawa. Simu nyingine hushikwa na mume, na mtoto, na jirani. Uzuri wa "Mambo?" ni kwamba hata ikisomwa na mwenye nyumba, haimwambii lolote.

HATUA YA 4: IKISHINDWA JE?

Hili ndilo watu huruka. Siku moja saa itapiga hodi na kupata 500, au kimya kitupu. Itafanya nini? Katika Cloud Scheduler, usipojaza sehemu ya kurudia, idadi ya marudio ni sifuri. Itaandika kwamba imeshindwa, halafu itasubiri Jumatatu ijayo. Wiki nzima hakuna aliyeulizwa hali. Jaza angalau marudio matatu, na muda wa kupumzika kati yake. Angalia pia muda wa kungoja jibu: kwa kawaida ni dakika 3, na unaweza kuongezwa hadi 30 kama orodha ni ndefu.

Lakini kurudia kuna hatari yake. Huenda programu ilituma meseji zote, kisha ikachelewa kusema "karibu". Saa itadhani imeshindwa, itapiga hodi tena, na watu watapata "Mambo?" mara mbili. Hata bila hivyo, Google wenyewe husema kazi moja inaweza kutokea zaidi ya mara moja, ingawa ni nadra. Dawa yake ni daftari. Kabla ya kumtumia mtu, programu iangalie: huyu ametumiwa tarehe ya leo? Kama ndiyo, impite.

HATUA YA 5: KUMTAFUTA ALIYENYAMAZA

Ukiona 200 usiseme kazi imekwisha. 200 inasema programu imesikia hodi. Haisemi mama fulani wa Kabiria amesoma meseji, wala kwamba ana nguvu za kuinuka kitandani. Wale wa mwaka 2007 hawakusaidiwa na meseji peke yake. Walisaidiwa kwa sababu kulikuwa na mtu aliyesoma majibu na kupiga simu.

Kwa hiyo pangeni kazi ya pili, saa 48 baada ya ile ya kwanza:

0 8 * * 3

Hiyo ni Jumatano saa mbili asubuhi. Hodi hii itaagiza programu itengeneze orodha ya waliosema "Shida" na wasiojibu kabisa, na kuituma kwa mshika zamu wa wiki hiyo. Orodha itumwe hata kama haina jina, iseme tu: "Wote wako sawa." Kwa nini? Kwa sababu mshika zamu asipoona kitu atajipumzisha akidhani hakuna shida, kumbe saa yenyewe imekufa. Lakini akizoea kuipata kila Jumatano, siku isipokuja atashtuka mapema na kuuliza.

Tunaufahamu mfano wa mchungaji katika Luka 15. Kuhesabu kondoo, kompyuta inaweza, na haichoki. Kutoka kwenda kumtafuta mmoja ni kazi ambayo hatuwezi kuikodi. Kabla ya kulipia wingu, basi, amueni kwanza nani atapiga simu Jumatano, na nani atatembea hadi kwa yule ambaye simu yake haipatikani.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu, ni nani aliyenyamaza kwa muda mrefu na hatukumuuliza hali?
2. Ni saa ngapi inayofaa kuwapata watu wetu wakiwa na simu mkononi?
3. Nani atashika zamu ya kusoma orodha, na akisafiri nani atamshikia?
4. Nani anatunza ufunguo, na akihama kikundi tutaubadilisha vipi?
5. Tujaribu kwanza kwa kujitumia sisi viongozi kwa wiki mbili. Je, ilifika Jumatatu? Ilifika saa mbili? Ilifika mara moja?