Kiti cha Starehe

Katika wabunge wote wa Kenya wanaowakilisha maeneo bunge, yupo mmoja tu ambaye Bunge lenyewe liko kwake. Wenzake husafiri kutoka Turkana, Lamu au Busia; yeye hahitaji kuvuka mpaka wowote. Ni mbunge wa Starehe, eneo linaloshika katikati ya jiji la Nairobi pamoja na Ngara, Pangani, Ziwani, Kariokor, Landimawe na Nairobi South. Jina lisiwadanganye, wajukuu wangu. Kiti hiki kimewatoa watu jasho.

Zamani za mkoloni Starehe haikuwa na mbunge wake. Hadi mwaka 1944, Waafrika wa Kenya nzima walikuwa wakisemewa na Wazungu katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka huo Eliud Mathu akaingia, ila aliteuliwa na serikali, hakuna aliyeulizwa. Kura yenyewe ilikuja Machi 1957. Viti vya Waafrika vilikuwa vinane kwa nchi nzima, na Nairobi yote ikapewa kimoja. Na hesabu yake ilikuwa ya ajabu: mwenye elimu, mali au utumishi wa kutambuliwa na serikali aliweza kupewa kura mbili, hata tatu, na asiye na sifa hizo hakupewa hata moja. Wakikuyu walidaiwa juu ya hayo cheti cha utiifu kwa serikali. Kwa hesabu hiyo, kijana wa vyama vya wafanyakazi, Tom Mboya, akiwa na miaka 26, alimshinda wakili Argwings-Kodhek.

Mwaka 1963, kuelekea uhuru, ikawa mtu mmoja kura moja. Miaka sita baadaye, mwaka 1969, watu wa Starehe walimchagua Charles Rubia. Jiji lilimjua tayari, kwani ndiye aliyekuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi, tangu 1962. Akakaa kwenye kiti cha Starehe hadi 1988.

Hapa ndipo panapotaka utulivu wenu. Mwaka 1982 sheria ilibadilishwa, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja, KANU. Kumpata mgombea wa KANU kukawa ndiyo vita yenyewe. Mwaka 1986 chama kikaamua kwamba katika mchujo wake hapatakuwa na karatasi wala debe. Watu watapanga foleni nyuma ya mgombea wao, au nyuma ya wakala aliyeshika picha yake, na msimamizi atapita akihesabu vichwa. Huo ndio mlolongo. Na aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya waliopanga alihesabiwa ameshinda moja kwa moja; hapakuwa tena na haja ya kura ya siri.

Waliousifu walisema hauna siri wala gharama, kila mtu anaona kwa macho yake. Ni kweli. Lakini fikirini ni nani wengine wanaoona. Chifu anaona. Mwenye nyumba unayopanga anaona. Mwajiri wako akipita na gari lake anaona umesimama nyuma ya nani, na kesho asubuhi unamhitaji. Viongozi wa makanisa waliupinga tangu mwanzo, na Rubia naye alikuwa miongoni mwa wanasiasa walioukosoa.

Kuna jambo la pili, nalo kwangu ni zito kuliko la kwanza. Karatasi ya kura inabaki. Unaweza kuifungia, kuilinda, kuipeleka mbele ya jaji. Foleni ikitawanyika jioni, kila mtu akarudi kwake, utahesabu nini? Mwaka 1988 malalamiko yalitoka sehemu nyingi za nchi kwamba foleni fupi zilitangazwa kuwa ndefu. Starehe, Rubia alitangazwa ameshindwa, na kiti kikaenda kwa Kiruhi Kimondo.

Rubia hakunyamaza. Mei 1990, yeye na mwanasiasa mwenzake Kenneth Matiba walitoka hadharani kudai vyama vingi. Mapema Julai wote wawili wakatiwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka, siku chache tu kabla ya mkutano wa Saba Saba waliouitisha katika uwanja wa Kamukunji. Kufikia Desemba mwaka huohuo KANU yenyewe ilikubali kuuacha mlolongo. Mwaka mmoja baadaye vyama vingi vikaruhusiwa, na katika uchaguzi wa 1992 Starehe iliangukia upinzani.

Waliofuata nitawapitia haraka. Maina Kamanda alishinda 1997 na 2002. Mwaka 2007 akatangazwa Askofu Margaret Wanjiru, na Kamanda akaenda mahakamani. Aprili 2010 jaji akaubatilisha uchaguzi ule. Septemba watu wakarudi kwenye debe kwa uchaguzi mdogo, na Wanjiru akashinda tena! Wapo waliosema pesa na muda vilipotea bure. Sioni hivyo. Mwaka 1988 aliyelalamika hakuwa na karatasi ya kumwonyesha jaji; safari hii jambo lilipelekwa mahakamani, likasikizwa, likarudishwa kwa wenyewe. Kamanda alikirudia kiti mwaka 2013, kisha 2017 akaja Charles Njagua, ambaye ninyi mnamjua zaidi kama Jaguar, mwimbaji wa Kigeugeu. Mwaka 2022 akashinda Amos Mwago.

Katikati ya hayo ramani nayo ilichorwa upya. Kabla ya uchaguzi wa 2013 maeneo bunge ya nchi yaliongezwa kutoka 210 hadi 290, na ya Nairobi kutoka 8 hadi 17. Mathare ikapata mbunge wake. Siku ya uchaguzi sasa, mpiga kura wa Pangani hupewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi. Huenda nazo nyuma ya kibanda, peke yake, na mwenye nyumba yake yuko kwenye foleni hiyohiyo akingoja zamu.