Sinema Zinazouzwa kwa Butura

Mkulima wa kahawa wa Nkwenda, Kaisho au Nyaishozi hahitaji kufundishwa butura ni nini. Ada ya shule inadaiwa, mgonjwa yuko wodini, na kahawa bado ni maua mtini. Anakuja mtu na fedha taslimu, wanahesabu miti pamoja, na mavuno ya msimu mzima yanakuwa mali ya mnunuzi kwa bei ya kutupa. Serikali imeipiga marufuku miaka nenda, miaka rudi. Viongozi wa ushirika wameikemea kila mkutano. Bado inafanyika kimyakimya, kwa sababu shida haisubiri Julai.

Nalileta jambo la kahawa kwenye makala ya sinema kwa kuwa biashara ya filamu nchini imeendeshwa kwa butura kwa miaka mingi, na watazamaji wa wilaya za Karagwe na Kyerwa wamekuwa wakiangalia matokeo yake bila kuambiwa chanzo. Upande wa pili wa dunia kuna watu wawili walioonyesha mwaka 2021 kwamba sinema nayo inaweza kupelekwa mnadani.

Watu hao ni Rian Johnson, mwandishi na mwongozaji wa filamu wa Marekani, na mtayarishaji mwenzake, Ram Bergman. Mwaka 2019 walitoa Knives Out. Mzee tajiri, mtunzi wa hadithi za mauaji, anakutwa amekufa asubuhi baada ya sherehe ya siku yake ya kuzaliwa. Ndugu na watoto wameukodolea macho urithi, kila mmoja ana lake la kuficha, na mpelelezi wa kujitegemea, Benoit Blanc, anaingia nyumbani humo kuchambua nani kasema kweli na nani kadanganya. Blanc anachezwa na Daniel Craig, yuleyule tuliyemzoea kama James Bond, ila safari hii silaha yake ni maswali. Filamu iligharimu takriban dola milioni 40, ikaingiza zaidi ya milioni 300 kwenye majumba ya sinema duniani.

Machi 2021 Netflix ikanunua miendelezo miwili ya filamu hiyo kabla kamera haijawashwa. Bei iliyoripotiwa ilikuwa kama dola milioni 469, yaani zaidi ya shilingi trilioni moja kwa kiwango cha ubadilishaji cha wakati ule.

Msomaji makini atauliza: kuuza filamu ambayo haijapigwa picha si ndiyo butura yenyewe? Hapo ndipo penye somo. Mkataba wa filamu ya kwanza ulihusu filamu ya kwanza tu. Haki ya kumwendeleza Benoit Blanc ilibaki mikononi mwa Johnson na Bergman. Walisubiri mti uzae, dunia ikaonja, ndipo wakaita wanunuzi. Amazon na Apple ziliripotiwa kuwa miongoni mwa waliogombea. Netflix ikashinda kwa bei, na masharti iliyompa Johnson yalikuwa machache: Craig awemo, na kila filamu isigharimu chini ya ile ya kwanza. Mengine yote yaliachwa kwake. Kikubwa zaidi, walichouza ni mavuno ya misimu miwili. Shamba hawakuuza.

Mavuno ya kwanza yalikuwa Glass Onion, iliyoonyeshwa kwa wiki moja tu Novemba 2022 kwenye majumba ya Marekani mia sita na ushee, kisha ikahamia Netflix Desemba 23. Wenye majumba ya sinema walilalamika, na nadhani walikuwa na haki, maana watu walikuwa tayari kulipa kiingilio na filamu ikaondolewa ingali moto. Ya pili, Wake Up Dead Man, ambayo mauaji yake yanatokea kanisani, ilitoka mwishoni mwa 2025. Hesabu ya mkataba imekamilika. Blanc akirudi mara ya nne, wenyewe wataamua wampeleke wapi.

Huku kwetu Netflix ilifungua milango Januari 2016, siku ileile ilipoingia katika nchi 130 kwa mpigo. Kuingia Tanzania ni jambo moja, kufika Mabira au Murongo ni jingine. Inahitaji malipo ya kila mwezi kwa kadi, simu au televisheni inayokubali, na bando la intaneti ambalo saa mbili za filamu yenye picha safi hulimaliza. Kenya waliwahi kupewa kifurushi cha bure cha kutazama kwenye simu za Android kuanzia Septemba 2021, kikafutwa Novemba 2023. Hapa hatukuonjeshwa hata hicho.

Kwa hiyo sinema hutufikia kwa njia zetu. Ukipita jioni Omurushaka au Kayanga utasikia spika kabla hujakiona kibanda umiza chenyewe. Mlangoni kuna ubao wa chaki: juu mechi za Ligi Kuu ya Uingereza, chini jina la muvi na jina la aliyeitafsiri, maana kwa wateja wengi mtafsiri ana uzito kuliko mwigizaji. Ndani ni mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, madirisha yamezibwa kwa turubai ili mwanga usile picha, na televisheni bapa imening'inizwa juu mkono wa mtoto usiifikie. Shilingi mia chache, umeingia. Asiyetaka kukaa benchini huenda na flashi yake kwa kijana mwenye kompyuta, akajaziwa filamu na "sizoni" za wiki nzima. Njia zote mbili zinafanana katika hili: hakuna hata shilingi moja inayorudi kwa aliyeitengeneza filamu.

Kyerwa ina ladha yake ya ziada. Ng'ambo ya Mto Kagera ni Kikagati, Uganda, na sinema zenye sauti za watafsiri wa Kampala huvuka kirahisi kama zinavyovuka bidhaa nyingine. Mnyambo anayemsikia Mnyankore bila mkalimani hapati tabu kubwa na Kiganda cha sinema. Upande wa Kiswahili sauti iliyofungua njia ni ya Lufufu wa Dar es Salaam, jina halisi Derek Mukandala, na kutoka Kenya akaja DJ Afro. Hawa hawatafsiri neno kwa neno. Wanasimulia, wanawapachika wahusika majina ya nyumbani, na wanaonya kabla hatari haijafika.

Sheria kuu ya kibandani inajulikana: steringi hafi. Filamu ya mauaji na upelelezi inakuja na sheria nyingine. Mtu anakufa mapema, na kuanzia hapo kila aliyebaki ni mshukiwa, akiwemo yule mpole uliyempenda. Benchi zima linageuka baraza. Huyu anamtaja mke mdogo, yule anaapa ni daktari, na mwenye kuwahi kuiona anazomewa anyamaze. Mtafsiri akiropoka jina la muuaji katikati, ameiua filamu. Sioni aina ya sinema inayofaa kutazamwa na watu wengi kwa pamoja kuliko hii, na ni masikitiko kwamba tunaipata chache, nyingi zikiwa za Wamarekani, Wakorea na Wahindi.

Nasema masikitiko kwa sababu Kiswahili kina wapelelezi wake tangu zamani. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Mwenye shamba anakutwa ameuawa penye mzimu, watu wanaanza kunong'ona kwamba mizimu imekasirika, na Bwana Msa, mzee wa kiko na maneno ya taratibu, akiwa na rafiki yake Najum, anakataa jibu hilo. Anatafuta mkono wa binadamu hadi anaupata. Abdulla alimrudisha Msa tena na tena: Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mwana wa Yungi Hulewa, hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo mwaka 1965 akiwa na Inspekta Wingo. Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, na Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango, kijana mtanashati wa Dar es Salaam ambaye wasomaji wa miaka ya themanini walimpenda kama ndugu yao.

Hii ndiyo mali ambayo kampuni za sinema mtandaoni zinaitafuta kwa mabilioni: mpelelezi mmoja anayefahamika, anayeweza kuingia kwenye nyumba mpya, maiti mpya na washukiwa wapya kila mara. Muendelezo wake hauhitaji kuchokonoa kisa kilichokwisha. Agatha Christie alijua hivyo kwa mpelelezi wake Poirot tangu 1920. Abdulla alijua hivyo. Ukitaka nakala ya kitabu chake Kayanga leo, itakubidi umtafute mwalimu mstaafu aliyekitunza.

Na kisa cha Bwana Msa kingewagusa watu wa huku kuliko nyumba ya kifahari ya Marekani. Mtu akifa ghafla kijijini, maneno huanza kabla ya mazishi. Nani alikula naye, nani aligombana naye kuhusu mpaka wa shamba, nani hakulia. Mara nyingi maneno hayo huishia kwa bibi kizee asiye na mtetezi, akaitwa mchawi, na Kanda ya Ziwa tumeona damu ikimwagika kwa sababu hiyo. Hebu fikiria kibanda kilichojaa, kwenye skrini yuko mtu anayekataa jibu la uchawi na anauliza, kwa Kiswahili chetu, nani alikuwa wapi saa ngapi na nani anafaidika na shamba. Ningelipa kiingilio mara mbili.

Kwa nini basi sinema hiyo haipo? Jibu lipo kwenye zama za Bongo Movie, alipotamba mwigizaji Steven Kanumba hadi alipofariki Aprili 7, 2012. Mtayarishaji alikuwa anapiga filamu kwa fedha za mkopo na haraka, anampelekea msambazaji wa Kariakoo kopi mama, analipwa fungu moja, anakabidhi haki zote. Nakala ziuzwe elfu tano au laki mbili, yeye hayamhusu tena. Hata ule mtindo wa kukata kisa kimoja kuwa sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja kwenye diski yake, haukuwa muendelezo. Ulikuwa njia ya kuuza kisa kilekile mara mbili, na watazamaji walichoka. Mwaka 2013 zikaja stempu za TRA kwenye kazi za filamu na muziki, lakini diski zenyewe zilikuwa zinaelekea kaburini. Flashi na YouTube zikazizika.

Butura ya sinema ina dhara moja kubwa kuliko ya kahawa. Aliyeuza maua ya msimu huu bado ana mti mwakani. Aliyetia saini ya "haki zote" ameng'oa mti na mizizi yake. Mhusika aliyependwa hawezi kurudi bila ruhusa ya mtu ambaye labda amekwisha kufunga duka.

Afrika ipo mifano ya waliofaidika na kurudi kwa mhusika. Kemi Adetiba wa Nigeria alitoa King of Boys kwenye majumba ya sinema mwaka 2018, na muendelezo wake ukawa mfululizo wa vipande saba Netflix mwaka 2021. Kenya, mwaka huohuo 2021, Showmax na Canal+ walishirikiana kutengeneza Crime and Justice, wapelelezi wawili wa Nairobi na kesi mpya kila wiki. Kwetu, Jua Kali na Huba zimethibitisha kupitia Maisha Magic Bongo kwamba Mtanzania atalipia king'amuzi ili ajue kilichoendelea. Lakini wanunuzi wakubwa nao huja na kuondoka: Januari 2024 Amazon ilisitisha kuagiza kazi mpya za Afrika, na watu waliokuwa na miswada mezani wakabaki nayo. Ndiyo maana naona umiliki una uzito kuliko mnunuzi. Mwenye haki zake akikimbiwa na mmoja, anamgeukia mwingine.

Vijana wa Karagwe na Kyerwa wanaopiga filamu fupi kwa kamera za kukodi na simu wamo ndani ya jambo hili, hata kama mkataba wao wa kwanza utakuwa wa shilingi laki tatu. Uandikwe filamu gani inauzwa, kwa muda gani, kwa njia ipi: televisheni, mtandao, au vyote. Uandikwe wazi kwamba wahusika na miendelezo vinabaki kwa mtunzi. Kazi isajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, kabla haijaonyeshwa kwa yeyote. Wazazi wao wameona bei ilivyobadilika kahawa ilipoanza kuuzwa kwa mnada kupitia vyama vya msingi, wanunuzi kadhaa wakishindana mbele ya macho yao. Wanaweza kuwa washauri wazuri kuliko wanavyodhani.

Na kwa mtayarishaji mwenye mtaji, wa Dar es Salaam au wa Nairobi, anayetafuta mpelelezi aliye tayari: Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania Bara ya 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Abdulla alifariki 1991, Mtobwa 2008, Musiba 2010. Bwana Msa, Joram Kiango na Willy Gamba bado wana wenyewe, na wenyewe hao wanaweza kuketi mezani. Wafuatwe, walipwe kwa kila filamu, na jina la mtunzi likae mwanzoni mwa picha kwa herufi kubwa kama la mwigizaji.