Katuni za Kale: Wazazi Tusome Kwanza

Mabuku mazito ya katuni za kale za Marekani, yaliyokusanya matoleo mengi katika juzuu moja, huwavutia sana watoto wetu. Je, yafaa kusomwa nyumbani? Twajibu kuwa si yote yaliyo sawa, na mwaka wa chapa ya kwanza ni dalili njema.

Mwaka 1954 wachapishaji wa Marekani walijiwekea kanuni iliyokataza, miongoni mwa mengine, visa vya wafu wanyonyao damu. Chini ya kanuni hiyo, mwaka 1962, Stan Lee na Steve Ditko walimtoa Spider-Man. Kijana huyo apata nguvu, ajivuna, amwachia mwizi apite. Kisha mwizi yuyo huyo amuua ami yake aliyemlea. Hapo pana somo la amana ambalo mama aweza kulizungumza na mwanawe.

Kanuni ililegezwa mwaka 1971, na mwaka uliofuata ikaanza The Tomb of Dracula, iliyofikia matoleo 70. Michoro ya Gene Colan ni ya ustadi, ila giza lake si la mtoto mdogo.

Hata hivyo, mwaka pekee hautoshi. Lee na Ditko hao hao walimtoa Doctor Strange mwaka 1963, shujaa ambaye silaha yake ni uchawi.

Basi, wazazi wenzetu, tusikataze kwa kusikia jina wala tusiruhusu kwa uzuri wa jalada. Tusome kwanza, kisha tukae na watoto tuwaeleze: hii ni ngano, sihiri si ushujaa, na elimu ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake.