Dawa za magonjwa ya akili kwa watoto na vijana Zanzibar

Dawa za magonjwa ya akili kwa watoto na vijana ni dawa anazoandikiwa mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 ili kupunguza dalili za maradhi kama sonona, saikosisi, wasiwasi mkubwa, au utundu uliopitiliza pamoja na kukosa umakini. Visiwani Zanzibar, kama sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, kifafa nacho hutibiwa katika kliniki za afya ya akili ingawa ni ugonjwa wa ubongo. Ndiyo maana habari ya dawa hizi Unguja haiwezi kuelezwa bila dawa za kifafa.

Mwelekeo katika nchi tajiri

Mwaka 1937 daktari Charles Bradley wa Rhode Island, Marekani, aliwapa amfetamini watoto waliolazwa katika hospitali yake, akaona wengi wao wametulia na kuendelea vizuri zaidi darasani. Baadaye ilikuja methilfenidati, na tangu miaka ya 1990 matumizi yake yalipanda haraka. Kufikia mwaka 2016 watoto wapatao milioni 6 nchini Marekani walikuwa wamewahi kuambiwa wana tatizo la umakini, na takriban 6 kati ya kila 10 waliokuwa nalo wakati huo walitumia dawa.

Dawa za sonona zilifuata njia hiyo mpaka mwaka 2003, Uingereza ilipozuia nyingi kati yake kwa walio chini ya miaka 18, isipokuwa fluoksetini. Mwaka 2004 Marekani iliagiza onyo kali liandikwe kwenye dawa hizo, kwa kuwa baadhi ya vijana walipata mawazo ya kujiua walipoanza kuzitumia. Uandikaji ulishuka kwa muda, kisha ukapanda tena.

Hali ya Unguja

Hofu ya dawa kuzidi, inayotawala mijadala ya Marekani, haitoshi kueleza hali ya Unguja. Hapa swali la kwanza ni kama mtoto amefika kwa mtaalamu, na la pili ni kama dawa itakuwapo mwezi ujao. Hospitali maalumu ya magonjwa ya akili ni Kidongo Chekundu, iliyopo mjini. Familia ya Tunguu, katika Wilaya ya Kati, ina kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) karibu na nyumbani, lakini kwa huduma ya kibingwa ya akili hulazimika kupanda gari kwenda mjini. Safari hiyo hurudiwa kila dawa inapokwisha. Hata dawa ikitolewa bure, nauli na siku ya kazi iliyopotea si bure. Kusini na kaskazini ya kisiwa, hospitali za Makunduchi na Kivunge zilianza kutoa huduma za akili karibu na wananchi katika miaka ya 2010, kwa ushirikiano na shirika la HIPZ.

Zanzibar ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2001 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011. Kwa upande wa tiba, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaoitwa mhGAP, uliotolewa mwaka 2010 kwa ajili ya vituo visivyo na mabingwa, unataka ushauri na mafunzo kwa wazazi vitangulie dawa. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 mwenye sonona hapewi dawa ya sonona. Kijana anaweza kupewa fluoksetini chini ya uangalizi wa bingwa, si amitriptilini, ambayo ikizidi huathiri moyo. Methilfenidati inabanwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa za kulevya, na maombi ya kuiingiza katika orodha ya dawa muhimu duniani yalikataliwa mwaka 2019 na tena 2021.

Kifafa

Dawa kongwe zaidi ya kifafa inayotumika hadi leo ni fenobabitali, iliyoingia sokoni mwaka 1912. Ni rahisi na inazuia degedege nyingi, lakini huweza kumfanya mtoto asinzie skuli au awe mkorofi, na mwalimu akadhani ni utovu wa adabu. Kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili au matatizo ya tabia, mhGAP inapendekeza kabamazepini au valproati badala yake, zikipatikana.

Hatari kubwa ni kukatiza dawa ghafla. Mtoto akikaa miezi bila kuanguka, wapo wanaodhani amepona, au kwamba shetani ameondoka, na vidonge vinaachwa. Degedege inaweza kurudi mfululizo bila kukoma, nayo huua. Kisomo na dawa ya hospitali vinaweza kwenda pamoja ilimradi kidonge kisikatwe. Anayeamua kupunguza ni daktari, na hufanya hivyo kidogo kidogo, kwa kawaida baada ya miaka miwili bila degedege.

Msichana anapokaribia kubaleghe, dawa yake hutakiwa kuangaliwa upya. Valproati huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri isitolewe kwa wasichana na wanawake wanaoweza kupata mimba. Pale ambapo kabamazepini haipo, hilo huirudisha familia kwenye fenobabitali.